Kilicholowa Kiwekwe Juu: Historia ya Amana katika Uuzaji wa Maziwa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, mlio misikitini na mlio majumbani mkitusikiliza, nanyi vijana wa madrasa na vyuo. Hotuba yetu ya leo ni juu ya maziwa: yale yanayotiwa ndani yake, na yale yanayoandikwa au kutoandikwa juu ya chombo chake. Huenda mtu akauliza, je, jambo la ndoo na pakiti lina mahali gani juu ya mimbari? Twamjibu kwamba Mwenyezi Mungu Mwenyewe ameyataja maziwa katika Sura ya An-Nahl, aya ya 66, akayafanya kuwa mazingatio kwetu, kwa kuwa huyatoa safi matumboni mwa wanyama, baina ya kinyesi na damu, nayo huwa matamu kwa wanywao. Basi kitu ambacho Mola amekitoa safi baina ya uchafu wa aina mbili, ni aibu kubwa mkono wa mwanadamu ukichafue baina ya kiwele na kikombe.

Twaanzia hapa kwetu Mwandoya, wilayani Meatu. Wilaya yetu ilikuwa chini ya mkoa wa Shinyanga mpaka ulipoundwa mkoa wa Simiyu mwaka 2012, lakini ng'ombe katika nchi hii ya Wasukuma ni wa zamani kuliko mipaka yote ya serikali. Katika maisha ya wazee wetu maziwa hayakuwa na safari ndefu. Yalikamuliwa alfajiri, yakanywewa na watoto, na yaliyobaki yakawekwa kibuyuni yakawa mtindi, au yakasukwasukwa yakatoa siagi na samli. Aliyekunywa alimjua aliyekamua, na pengine alimjua hata ng'ombe mwenyewe. Hapakuwa na haja ya karatasi ya kueleza, kwa sababu uso wa jirani ulikuwa ndio maelezo.

Leo maziwa yana safari. Hupanda baiskeli na pikipiki, hupita mikono mitatu au minne, hufika Mwanhuzi na Bariadi, na mengine huingia kiwandani. Kuanzia miaka ya 2016 na 2017 hata katika wilaya yetu ya Meatu vijana walianza kusindika maziwa na kuyafunga katika pakiti. Na kutoka mbali hutujia maziwa ya unga, ya kopo na ya boksi, ambayo hatumjui aliyeyakamua wala aliyeyachanganya. Kila safari inaporefuka, ndivyo mnunuzi anavyozidi kumtegemea muuzaji kwa neno lake. Neno hilo ndilo tunalotaka kulichunguza leo, na tutalifuata tangu Madina mpaka zama zetu hizi.

Kwanza yatupasa tuondoe kosa moja la fahamu. Wako wanaodhani kwamba kuchanganya maziwa na kitu kingine ni haramu kwa dhati yake. Sivyo. Katika hadithi iliyo sahihi, Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia nyumbani kwao, akakamuliwa kondoo, na maziwa yale yakachanganywa na maji ya kisima kilichokuwa hapo hapo nyumbani. Mtume akanywa, kisha akampa bedui aliyekuwa kuliani kwake kabla ya Sayyidna Abubakar aliyekuwa kushotoni. Imam Bukhari ameiweka habari hii katika mlango wa vinywaji, na wanavyuoni wakaeleza kwamba kuchanganya kwa ajili ya kunywa kunafaa, lakini kuchanganya kwa ajili ya kuuza hakufai, kwa kuwa ni udanganyifu. Maji yalikuwa yale yale na maziwa yale yale. Tofauti ilikuwa ni kwamba katika nyumba ya Anas kila mtu aliona maji yakitiwa.

Tazameni sasa hukumu ya sokoni. Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomwuliza mwenye mali, yule mtu akasema kuwa mvua imekinyea. Mtume hakumlaumu kwa mvua, kwani mvua ni amri ya Mungu. Alimwuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu, watu wakakiona. Kisha akatoa onyo kali kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Ndugu zetu, katika swali hilo moja ndimo iliyomo sheria yote ya lebo. Chakula kikavu na chakula kilicholowa vyote vyaweza kuuzwa, kila kimoja kwa bei yake, ilimradi kilicholowa kiwe juu.

Na kuhusu maziwa hasa, Mtume (S.A.W.) alikataza hila iliyokuwa ikitendwa na wafugaji wa zama zile. Mtu alipotaka kuuza ngamia au kondoo, humfunga au humwacha siku kadhaa bila kumkamua, kiwele kikajaa, mnunuzi akadhani amepata mnyama wa maziwa mengi. Mnunuzi aliyedanganywa namna hiyo akapewa hiari: akiridhika atabaki naye, asiporidhika atamrudisha pamoja na saa moja ya tende, kipimo tunachokikadiria kwa pishi, badala ya maziwa aliyoyakamua. Katika mapokezi mengine hiari hiyo imewekewa muda wa siku tatu. Basi haki ya mnunuzi kurudisha bidhaa iliyomghilibu haikuletwa kwetu na wageni. Imo katika Sunna tangu karne ya 7. Na mwangalie uadilifu wake: hata muuzaji aliyedanganya hakudhulumiwa, akalipwa tende kwa maziwa yake.

Hakim bin Hizam (R.A.) naye amepokea kwamba wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa. Neno hili kubainisha ni zito kuliko kutosema uongo. Mtu aweza kunyamaza tu, asitamke uongo hata mmoja, na bado akawa ameficha.

Sasa tuingie zama za Makhalifa. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alitawala baina ya mwaka 634 na 644. Wanahistoria wetu wameisimulia habari ambayo watoto wengi wa madrasa wanaijua: kwamba alikataza maziwa yanayouzwa yasitiwe maji, na usiku mmoja akitembea Madina akasikia mama akimwamrisha binti yake atie maji katika maziwa. Binti akamkumbusha amri ya Khalifa. Mama akasema kuwa Umar hawaoni. Binti akajibu kwamba ikiwa Umar hawaoni, Mola wa Umar anawaona. Husimuliwa kuwa Umar alimwoza binti huyo mwanawe Asim, na katika kizazi chake akatoka Umar bin Abdul-Aziz, Khalifa mwadilifu aliyetawala kuanzia mwaka 717 hadi 720.

Kwa kawaida kisa hiki husomwa kwa ajili ya taqwa ya yule binti, na ni haki yake. Lakini sisi twawaomba mzingatie na jambo la pili: kwamba amri ilikuwapo. Umar hakuwaachia wauza maziwa dhamiri zao peke yake. Aliweka katazo, kisha akazunguka usiku. Binti alikuwa na vizuizi viwili, sheria ya Khalifa na jicho la Mwenyezi Mungu, na cha pili kilifanya kazi pale cha kwanza kilipofika mwisho wake.

Waislamu waliofuata wakaifanya kazi hiyo kuwa cheo, nacho ni hisba. Muhtasib alisimamia mizani, vipimo, mikate, nyama, dawa na maziwa. Vikatungwa vitabu vya kumwongoza, kama kile cha Shayzari wa nchi ya Sham katika karne ya 12, na cha Ibn al-Ukhuwwa wa Misri aliyefariki mwaka 1329. Katika vitabu vya namna hiyo imo njia ya kupima maziwa: unywele huchovywa, kisha hutolewa, maziwa yakishikamana nao ni safi, na ukitoka bila kitu yametiwa maji. Kipimo hicho ni hafifu kwa elimu ya leo, lakini chaonyesha kwamba Waislamu waliona ni wajibu wa dola kumtetea mnunuzi asiyeweza kuona kilichomo ndani ya maziwa.

Wapenzi wasikilizaji, udanganyifu wa maziwa si ugonjwa wa taifa moja wala wa dini moja. Ulaya na Marekani zilipojenga miji mikubwa katika karne ya 19, maziwa yakawa mbali na ng'ombe, na mbali huko ndiko hila ilikoota mizizi. Mwaka 1858 gazeti moja la mjini New York lilifichua mabanda ambamo ng'ombe walilishwa machicha ya viwanda vya pombe. Maziwa yao yalikuwa mepesi ya rangi ya buluu, yakatiwa unga na chokaa ili yaonekane mazito na meupe, kisha yakauzwa kama maziwa safi ya shamba. Watoto wachanga ndio walioumia. Mwaka 1862 jimbo la New York likatunga sheria dhidi ya maziwa yaliyoghushiwa, na mwaka 1906 Marekani nzima ikapata sheria ya kukataza vyakula vilivyoghushiwa na lebo za uongo. Kabla ya hapo wako waliotia formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, ili maziwa yasiche.

Wala tusidhani kwamba elimu imeumaliza ugonjwa huo. Mwaka 2008 nchini China ilidhihirika kwamba maziwa yaliyotiwa maji yalikuwa yameongezwa melamini, kemikali ile ile ambayo kwayo hutengenezwa sahani tunazozijua. Sababu yake ilikuwa hii: viwanda vilipima protini kwa kuhesabu naitrojeni, na melamini ina naitrojeni nyingi, basi maji yakapita kwa sura ya protini. Watoto 6 walikufa na karibu 300,000 waliugua, wengi wao kwa mawe ya figo. Nchi nyingi, na Tanzania ikiwamo, zikazuia maziwa kutoka China.

Hapa pana fundisho ambalo twataka lisipite bure. Kila kipimo alichobuni mwanadamu kimepata mwenye kukihadaa. Unywele wa muhtasib waweza kuhadaiwa kwa unga. Kipimo cha naitrojeni kilihadaiwa kwa melamini. Na hata kile kipimo kinachoelea ndani ya maziwa, laktomita, ambacho hutumiwa katika vituo vyetu vya kukusanyia maziwa, chaweza kuhadaiwa. Lita moja ya maziwa mazuri ina uzito wa kiasi cha gramu 1,030, na lita ya maji gramu 1,000. Kwa hivyo maji yakitiwa, kipimo huzama zaidi. Lakini mafuta ni mepesi kuliko maji. Mwenye hila huondoa malai kwanza, maziwa yakawa mazito, kisha akatia maji mpaka kipimo kirudi pale pale. Mnunuzi amepokonywa mara mbili, na kipimo chasema yote ni sawa. Basi vipimo ni lazima, wala hatusemi viachwe. Lakini havitoshi pasipo watu wa mfano wa yule binti wa Madina.

Turudi nchini kwetu. Mwaka 1975 kiliundwa chombo cha umma cha Tanzania Dairies Limited, kikaendesha viwanda vya maziwa katika miji kadhaa. Maziwa mabichi hayakutosha, hivyo sehemu kubwa ya maziwa ya mijini, hasa Dar es Salaam, ilitengenezwa kwa unga wa maziwa na mafuta ya siagi yaliyotoka nje kwa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Hilo lilikuwa jambo la haja, na maziwa ya namna hiyo ni chakula halali chenye faida. Lakini lilituletea swali jipya kwa jamii yetu: je, maziwa yaliyoundwa kwa unga, mafuta na maji yaitwe kwa jina lile lile la maziwa yatokayo kiweleni?

Jibu la sheria likaja hatua kwa hatua. Shirika la Viwango, TBS, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kudhibiti ubora wa vyakula. Mwaka 2003 ikaja sheria iliyounda Mamlaka ya Chakula na Dawa, na mwaka 2004 Sheria ya Tasnia ya Maziwa iliyoleta Bodi ya Maziwa. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula ikahamishiwa TBS. Kwa upande wa dunia, Tume ya Codex, iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, ilitoa mwaka 1999 kanuni ya majina ya maziwa. Maana yake kwa ufupi ni kwamba maziwa ni yale yatokayo kiweleni bila kuongezwa wala kupunguzwa kitu, na yaliyobadilishwa au kuundwa upya yaelezwe hivyo, mnunuzi asipotoshwe. Ndugu zetu, mwenye kuisoma kanuni hiyo baada ya kuisoma hadithi ya rundo la chakula hatoona jambo geni. Ni kule kule kukiweka juu kilicholowa.

Basi tufanye nini sisi wenye nyumba? La kwanza ni kusoma. Chombo kikiandikwa maziwa, na kikiandikwa kinywaji chenye maziwa, hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Cha pili chaweza kuwa maji na sukari kwa sehemu kubwa, wala hakimfai mtoto mchanga. Vilivyomo huorodheshwa kwa kufuata wingi wake: kikitajwa kwanza maji, basi maji ndiyo mengi. Si kila kiongezwacho ni uovu. Chachu ya mtindi, vitamini A na D, wanga wa kuzuia mtindi usitengane, vyote vyaweza kutiwa kwa kiasi kilichoruhusiwa, nasi hatuna haki ya kuharimisha alichohalalisha Mungu. Lakini ziko namba ambazo Mwislamu yampasa azijue. Namba 120 ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu, nayo hutiwa katika baadhi ya mtindi wa matunda. Namba 471 ni mafuta yanayoweza kuwa ya mimea au ya mnyama, na namba peke yake haielezi ni yapi. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na nguruwe yumo miongoni mwao. Penye shaka, tumwulize mwenye duka, na tumwandikie mwenye kiwanda. Na lebo iliyoandikwa kwa herufi zisizosomeka, au kwa lugha asiyoijua mnunuzi, imetimiza umbo la kubainisha, lakini roho yake haimo.

La pili latuhusu sisi wauzaji wa Mwandoya na jirani zake. Mtu mwenye lita 5 akitia lita 1 ya maji hupata bei ya lita 6. Nyumba sita zilizonunua lita moja moja kila moja imeibiwa sehemu ya sita, na mtoto wa kila nyumba amenyimwa sehemu hiyo ya kukua kwake. Ikiwa maji hayo ni ya lambo, wamenunua na kuhara na homa ya matumbo. Mwenye kutia haidrojeni peroksaidi au formalini ili maziwa yasiche, jambo lililopata kuripotiwa katika nchi za Afrika Mashariki, hana udhuru hata akibainisha, kwani kumdhuru mtu kumekatazwa, hata kwa wazi. Na ng'ombe aliyechomwa sindano ya dawa ya viua vijasumu ana siku ambazo maziwa yake hayanyweki wala hayauzwi, kama alivyoagiza mganga wa mifugo. Kuyachemsha hakuondoi dawa hiyo. Hilo ni jambo asiloweza kuliona mnunuzi kabisa. Analijua mfugaji, na Mola wake.

La tatu latuhusu sisi wanunuzi, wala tusijitoe. Wakati wa kiangazi malisho hukauka, ng'ombe hupungua maziwa, na mama mjane anayelea wanawe kwa ndoo ya maziwa hutembea mwendo mrefu zaidi kwa lita chache zaidi. Sisi twataka bei ile ile ya masika. Jirani yake aliyetia maji huuza kwa bei hiyo, naye mkweli hurudi nyumbani na maziwa yaliyocha. Tukimwacha mkweli apate hasara kila siku mbele ya macho yetu, tumeshiriki katika kuyatia maji maziwa ya kesho. Yatupasa tumlipe mkweli thamani ya ukweli wake, tumpeleke mdanganyifu mbele ya wenye mamlaka, wala tusimtuhumu mtu kwa dhana, kwani maziwa ya ng'ombe mmoja hayalingani na ya mwingine, na dhana nyingine ni dhambi.

Vijana wa madrasa, nyinyi ambao kesho mtakuwa wafugaji, wenye viwanda, wakaguzi na mahakimu, someni elimu ya vipimo na elimu ya sheria, na mzisome pamoja na Sura ya 83, Al-Mutaffifin, ambayo Mwenyezi Mungu ameianza kwa kuwatishia wale wanaopokea kamili wakipimiwa na wanaopunguza wakiwapimia watu.

Ewe Mola wetu, zibariki ng'ombe zetu na malisho yetu. Tujaalie wauzaji wenye kubainisha na wanunuzi wenye insafu. Walinde watoto wetu na kila kilichofichwa katika chakula chao, na uwape viongozi wetu nguvu ya kusimamia haki. Amin. Wasalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.